Nta Haimo Kwenye Waranti

Mimi ni karani wa masjala. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea barua, kuzipa namba na kuziweka kwenye jalada lake, ili kesho mtu akiihitaji niipate kabla hajamaliza kunisalimia. Tabia hiyo nimehamia nayo nyumbani. Risiti ya pasi niliyoinunua kabla sijajenga bado ninayo, ingawa pasi yenyewe nilishaigawa. Ndugu zangu hunicheka kwamba siku ya kufa kwangu nitadai kwanza nakala ya cheti cha kifo ndipo nikubali kulazwa. Nawaacha wacheke. Wao hao ndio wanaokuja kwangu mbio kila wakipoteza hati zao.

Nasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba mashine ya sikio ya mama niliinunua kwa pupa.

Mama anaishi nami Itetemia, hapa Tabora, tangu baba afariki. Zamani walikuwa Kwihara, wakilima mahindi na karanga, na baba akiwa na mizinga yake porini. Katika ndugu zake wa tumbo moja amebaki na dada mmoja tu, mkubwa wake, anayekaa Bukene kwa mwanawe. Mimi namwita mama mkubwa. Mama mkubwa haoni. Presha ya macho ilianza na jicho moja, tukadhani itatosheka, ikamalizia na la pili. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada mkwewe alikuwa anambonyezea simu, na hapa kwetu mama alikuwa anachukua ya kwake na kigoda chake, anakwenda kukaa nyuma ya jiko, kwenye kuku. Hakutaka mtu karibu. Walikuwa wakiongea Kinyamwezi cha kwao, nusu saa, siku nyingine zaidi, na mimi nilizipenda sana Jumapili zile kwa sababu zilimrudisha mama ndani akiwa ametulia. Ndivyo nilivyofikiri.

Jumapili moja nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua mkaa. Nikamkuta mama amelaza simu mapajani. Simu haikuwa imekatwa. Sauti ya mama mkubwa ilikuwa inatoka humo, nyembamba, inaeleza jambo refu, na mama anaangalia kuku. Aliponiona alishtuka, akaiweka simu sikioni haraka.

Nilisubiri wamalize. Nikamuuliza, na nilipouliza mara ya kwanza hakujibu, ndipo nikaelewa mambo mengi kwa mkupuo: kwa nini redio ilikuwa haizimwi wala haisikilizwi, kwa nini nikimuita kutoka sebuleni alikuwa anakuja siku anazotaka, na mimi nikinuna kwamba ameanza kiburi cha uzee. Nilimwinamia nikamuuliza tena kwa sauti kubwa.

"Simsikii," alisema. "Tangu mavuno ya mwaka juzi. Nasikia kuna mtu anaongea, lakini maneno hayafiki."

"Mbona hukumwambia?"

"Yeye haoni. Akijua na mimi sisikii, atabaki na nani?"

Akanitaka nisimwambie. Nikakubali. Siku ile niliingia ndani nikalia, kisha nikajikasirikia, kwa sababu kulia si kazi ya karani. Nilitaka jambo moja tu kuanzia hapo: mama amsikie dada yake wakati dada yake bado yupo. Mkwewe alikuwa ameshaniambia kwamba mama mkubwa halali vizuri na chakula anakionja tu.

Hospitali tulikwenda. Daktari alimpima, akatuambia ni masikio ya umri, kifaa kitamsaidia, lakini pale hawana, na kwa njia ya kawaida tutasubiri. Kusubiri sikuwa tayari. Nikaingia soko la mtandaoni.

Wauzaji walikuwa wengi kama kumbikumbi, na wote wameandika maneno mawili yaleyale: *waranti ipo*. Nikaandika maswali yangu manne kwenye simu, nikawa namtumia kila mmoja. Waranti ni ya nani, ya kiwanda au ya duka? Inaanza siku nilipolipia au siku niliyopokea mzigo? Kikiharibika, nani anakisafirisha kurudi? Na ni kitu gani hasa kinaiua hiyo waranti? Mmoja alinijibu kwa picha ya kidole gumba. Mwingine aliniandikia, "Ipo bosi, usiogope," na mimi ni mwanamke na nilikuwa siogopi. Wa tatu aliniuliza kama nanunua au nafanya utafiti, na nilipomjibu kwamba vyote viwili, akanifungia nisimwandikie tena.

Wa nne alinijibu kwa sauti. Alikuwa mwanamume mtu mzima, duka lake liko Dar, nyuma yake unasikia mikokoteni na watu wakinadi bidhaa.

"Dada yangu, maswali yako mazuri mpaka yananitisha," alisema. "Sikiliza. Waranti ni mwaka mmoja, na ni ya kwangu, siyo ya kiwanda. Kiwanda hakikujui wewe wala mimi. Inaanza siku unapopokea. Kikifa chenyewe, unanirudishia na boksi lake, risiti yake na ile stika yenye namba, mimi nakupa kingine. Kikiingia maji, kikifunguliwa, kikichomekwa kitu, hapo waranti hakuna, tusije kulaumiana. Upo wapi?"

Nikamwandikia kwamba nipo Tabora.

"Haa! Mnyamwezi!" Ujumbe wa pili ulikuja kabla sijauliza lolote. "Mimi Mzaramo. Kumbe naongea na mtani wangu! Babu zenu walikuwa wanafika kwetu na mizigo kichwani, tukawapa maji na pa kulala, mpaka leo hamjatushukuru. Leo ndiyo nakutumia mzigo mimi. Dunia imegeuka."

Kwa asiyejua utani wetu: Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutukanana mbele ya jeneza na waliofiwa wakacheka. Ulianzia kwenye ile njia ya misafara, ya kutoka huku kwenda pwani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia yako na usidai. Lakini ukipata msiba, yeye ndiye wa kwanza kufika, ndiye anayechimba, anayepika na anayekuchekesha ili usivunjike. Wazee wetu waliyafuata hayo kwa makini. Mimi siku ile sikuwa na nafasi nayo. Nilimwandikia hivi: *Sikuja kutaniwa, nimeuliza habari za waranti. Naomba hayo uliyosema uyaandike.* Akayaandika yote, bila kukosa hata nukta. Nikayachapisha ofisini, nikayatia kwenye jalada, na jaladani nikaandika: MASHINE YA SIKIO – MAMA.

Mzigo ulikuja kwa basi. Ilikuwa mashine ndogo ya kukaa nyuma ya sikio, ina mrija mwembamba wenye mpira laini mwishoni, na ubavuni ina vitundu vidogo vinavyoingiza sauti. Nilimvalisha mama asubuhi, uani, wakati nafagia. Alinyanyua kichwa.

"Hiyo nini?"

"Ufagio, mama."

"Una kelele hivyo?" Akasikiliza kuku. Akasikiliza bomba likidondosha maji kwenye ndoo. Nikaanza kumweleza namna ya kuchaji, mara ya kwanza, ya pili, na kwamba asiguse hapa wala pale, naye akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "kumbe una sauti kali namna hii. Ndiyo maana wenzio hawakuzoei."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Wiki tatu zilizofuata ndizo nilizokaa na mama kwa raha kuliko miaka mingi iliyopita. Alianza kuimba tena akipepeta, sauti ya pili, aliyokuwa akiiimba kwenye kwaya ya Moravian ujana wake.

Kasoro ilikuwa moja. Simu ikikaribia mashine, mashine ilikuwa inapiga mluzi mkali, na mama mkubwa hasikiki. Nilimuuliza muuzaji. Alinieleza kwamba huo si ubovu, mashine za aina ile ndivyo zilivyo, na hakusema uongo, kwa sababu nilikwenda kusoma karatasi yake ndani ya boksi na ilikuwa imeandikwa. Basi tukakata shauri kwamba nikipata likizo tutakwenda Bukene wenyewe. Dada hao wawili wakae ana kwa ana, mama amsikie. Likizo yangu ilipitishwa. Mama akaanza kuhesabu siku kwa punje za mahindi kwenye kikombe.

Zilipobaki punje kumi, aliniletea mashine imefungwa kwenye ncha ya khanga.

"Imenyamaza," alisema.

Niliichaji. Taa iliwaka vizuri, sauti hakuna. Nikabadilisha ule mpira wa mwishoni, hakuna. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga ili niipige picha za kumtumia muuzaji, mbele, nyuma na ubavuni, kama masharti yanavyosema. Ubavuni ndipo niliposimama. Vitundu havikuwepo. Pale palipokuwa na vitundu pamekuwa laini kabisa, pana rangi ya kahawia, pamesuguliwa kwa kidole gumba na mtu anayejua kazi yake. Nilinusa. Ilikuwa nta.

Nilimwonyesha mama kwa kidole. Hakuona haya hata kidogo. Alifurahi kwamba nimeuona ufundi wake.

"Nilikiziba. Kina matundu, vumbi litaingia. Na jasho."

Kwetu tumekua hivyo. Baba alikuwa mtu wa nyuki, na katika nyumba ya mtu wa nyuki hakuna kitu kinachoachwa na tundu. Mzinga ukipasuka, nta. Kibuyu cha asali kabla hakijatumika, nta. Tochi ya kwendea porini, redio, hata kopo la kuwekea vyeti vyetu vya ubatizo, vyote mama alivizungushia nta kwenye maungio, na vikadumu. Alikuwa amekipa kile kifaa heshima ya juu kabisa anayoijua. Nta ikapata joto la mwili wake, siku kumi na mbili za jua la Tabora, ikalainika ikashuka ndani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na la kwangu lilikuwa baya kuliko la mama kwa sababu mimi nilijua ninalofanya. Nilichukua pini. Nikachokonoa ile nta yote ya juu, nikapangusa kwa spiriti mpaka pakang'aa. Vitundu viwili vilipanuka. Nikageuza upande ule kidogo usionekane sana, nikapiga picha, nikamwandikia mtani wangu: *Mashine haitoi sauti tena. Haijaingia maji wala haijafunguliwa. Boksi, risiti na stika vipo. Naomba nyingine haraka, tuna safari.*

Kila neno pale lilikuwa kweli ukilichukua peke yake. Karani anajua kuandika barua ya namna hiyo.

Mama alikuwa ananitazama. Kwa kuwa sasa alikuwa hasikii tena, tulikuwa tunaandikiana nyuma ya fomu za zamani za ofisini, yeye akivaa miwani ya baba. Akanisogezea karatasi na penseli.

"Umemwambia habari ya nta?" aliuliza kwa mdomo.

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie."

Nikaandika: *Nikimwambia hatatoa nyingine. Nta haimo kwenye waranti.*

Alisoma taratibu. "Kwa hiyo unataka nikamsikie dada yangu kwa kitu cha uongo."

Nilikuwa nimechoka, nina aibu, na nikiwa na aibu mimi huwa mkali. Nikamnyang'anya karatasi nikaandika: *Na wewe kila Jumapili unamwambia nini mama mkubwa?*

Aliisoma. Akavua miwani. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye ncha ya khanga palepale alipokuwa ameiweka mashine, akatoka kwenda kupepeta mahindi yaliyokuwa yameshapepetwa.

Niliona aibu. Sina neno jingine la kuieleza siku ile. Nimewahi kugombana na wakubwa wangu wa kazi, nimewahi kugombana na mume mpaka tukaachana, na katika ugomvi wote huo sikumbuki kuandika sentensi ninayotamani kuifuta kama ile. Nilisimama mlangoni nikimwangalia mgongo wake. Sikuweza hata kumwita nimwombe radhi, maana asingesikia. Ilibidi niende mpaka mbele yake, nipige magoti kwenye pumba, nimshike mikono. Aliniacha nimeshika kidogo, kisha akasema, "Inuka, unachafua sketi ya kazini."

Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya tenki la maji, nikarekodi ujumbe wa sauti. Sikutaka kuandika. Nilimweleza mtani kila kitu: nta, baba na nyuki, pini yangu, ile picha niliyoigeuza. Nikamweleza na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba kule Bukene kuna dada wa mama ambaye haoni na anazidi kudhoofika, na kwamba mama alikuwa hajamsikia huu mwaka wa pili. Nikamaliza kwa kusema sidai tena.

Nilingoja mpaka nikadhani na huyu amenifungia. Zikaja sauti tatu mfululizo. Ya kwanza ilikuwa kicheko kitupu, kicheko cha mtu anayepiga meza.

Ya pili: "Nyinyi Wanyamwezi! Asali mmekula wenyewe, nta mmetia kwenye mashine yangu! Mmeliziba sikio mlilolinunua kwangu kwa hiari yenu! Nikiisimulia hii nyumbani hawataniamini."

Ya tatu ilikuwa ya taratibu, na ile mikokoteni haikusikika, nadhani alikuwa ameingia ndani. "Sasa sikiliza, dada. Waranti imekufa, tuizike. Uliniandikisha mwenyewe, yaliyoandikwa yameandikwa, na mimi ni mfanyabiashara. Lakini msiba wa mtani siwezi kuuangalia kwa macho. Hapa kabatini nina moja ya kuwaonyesha wateja. Haina boksi, haina risiti, imekwaruzika mgongoni. Naiweka kwenye basi leo. Hii haina waranti, unanisikia? Ikifa, imekufa. Na faini lazima ulipe, chupa ya asali ya porini, isiyotiwa maji. Msalimie mama. Mwambie ni amri ya Mzaramo, asipake kitu."

Nilimwandikia mama yote. Alisoma akacheka mpaka akafuta macho. Akaenda chumbani kwake, akarudi na chupa ya asali ya mzinga wa kaka yangu, na pamoja nayo donge la nta amelifunga kwenye kipande cha gazeti.

Nikaandika: *Hii nta ya nini tena?*

"Mpelekee Mzaramo," alisema. "Akazibe mdomo."

Mashine ya kabatini ilifika zikiwa zimebaki punje mbili. Ilifanya kazi. Sikuifungulia jalada, kwa kuwa sikuwa na karatasi hata moja ya kuweka humo.

Tulipanda basi mpaka Nzega, tukaunganisha gari la Bukene. Mama alikaa dirishani ameshika mfuko mapajani, sikio la mashine amelifunika kwa kiganja kila gari lilipopita kwenye vumbi. Njia nzima hakuongea sana. Nilimuuliza kama anaumwa. "Nafikiria nitakavyomwambia," alijibu.

Mama mkubwa alikuwa kwenye kitanda cha kamba kibarazani, amekonda, kitambaa cheupe kichwani. Alitusikia kabla mkwewe hajatutaja. Mama alipiga magoti. "Wangaluka, dada." "Wangaluka, mdogo wangu." Mimi nikasema shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikakaa kwenye mkeka pembeni. Mama mkubwa akanyoosha mikono, akaanza kumsoma mama usoni: paji la uso, mashavu, kidevu. Akafika sikioni, vidole vikasimama.

"Hiki nini?"

Nilimwona mama akivuta pumzi. "Ni mashine, dada. Ya kusikilizia. Mimi sisikii. Mwaka wa pili sasa, Jumapili zote, nakaa na simu na sikusikii. Nilikudanganya. Nilikuwa naitikia tu."

Nilitegemea kilio, au hasira. Mama mkubwa aliirudisha mikono yake mapajani.

"Hata Jumapili ya Pasaka?"

"Hata hiyo."

"Pasaka nilikuomba jambo. Nilikuomba mara mbili."

"Nilikujibuje?"

"Ulisema *eee*. Mara zote mbili. Nililia hapa hapa, nikalala siku ile kama mtoto. Halafu Jumapili iliyofuata nikakuuliza, ni kweli? Ukaitikia, lakini kwa namna ya mtu anayefukuza kuku. Tangu hapo silali."

Mama alisogea mpaka magoti yao yakagusana. "Niombe tena," alisema. "Leo nasikia."

Mkwewe alikuwa ameingia ndani, na mimi nilitamani kuondoka lakini nilihofu kwamba nikiinuka mama mkubwa atanyamaza. Alianza kusema akiwa ameelekeza uso pembeni kidogo ya mama, pale sauti ya mama ilipokuwa imetokea mara ya mwisho.

"Ile barua ya chuo cha unesi uliyokuwa ukiingoja ilikuja," alisema. "Ilishuka na treni, stesheni wakanipa mimi mkononi nikupelekee. Nikampa mwalimu anisomee njiani. Ulikuwa umechaguliwa. Mama yetu alikuwa kitandani, na mimi nina mimba ya kwanza, nikaogopa kubaki naye peke yangu. Niliitia motoni. Nikakuambia wenzako wameitwa, wewe hapana. Nikakuangalia ukilia. Ndilo nililokuwa nakuomba, unisamehe."

Maisha yetu yote mama ametuambia kwamba yeye alifeli. Alikuwa anasema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja urefu wake. Tulipokuwa tukileta ripoti mbovu kutoka shuleni alitufariji kwa hilo: *hata mimi sikuchaguliwa, na nipo*. Nilifikiri haraka haraka, kwa ubinafsi, kwamba barua ile ingefika asingekwenda Kwihara, asingekutana na mtu wa nyuki, na mimi nisingekuwa nimekaa kwenye mkeka huu. Kisha nikamwaza yeye akiwa msichana, na nguo nyeupe ambayo hakuivaa.

Mama alikuwa amekaa vilevile, hatikisiki, macho kwenye mikono ya dada yake. Ikapita dakika, ikapita nyingine. Mama mkubwa alikuwa anangoja amekaza shingo. Uso wa mama angeuona angejua, lakini haoni, alikuwa na sauti tu ya kutegemea, na sauti haikuja.

Nikaogopa. Nikafikiri mashine imezima. Nikainuka kwa magoti, nikapeleka mkono nyuma ya sikio la mama nitazame kama taa bado inawaka.

Alinishika kiganja, akakiondoa.

"Acha," akasema. "Nimesikia."

Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta. Kisha akamshika dada yake mabega, akasogeza mdomo mpaka kwenye sikio lake, kana kwamba huyo ndiye kiziwi, akasema:

"Eee."